Sahani ya Amos

Miaka kumi na moja nimemchukia mtu mmoja kwa ajili ya sahani ya nyama, na sioni haya kusema. Wapo wanaochukiana kwa mashamba, wapo wanaochukiana kwa waume. Mie nilimchukia Averill, mkuu wa wahudumu wa Jumba la Scarrow, hoteli ya waheshimiwa, kwa sababu alimnyang'anya mume wangu chakula mbele ya macho yake, na mume wangu hakupata kingine kama kile mpaka akaingia kaburini.

Watu wa Arkby, kijiji chetu, walinambia niache. Mchungaji naye akaja, akanywa chai yangu, akala keki yangu vipande viwili, akanambia kusamehe kunampumzisha yule anayesamehe. Nikamwambia mie sijachoka.

Amos Dinsdale alikuwa fundi wa kuta. Huku kwetu kuta za mashamba hujengwa kwa mawe matupu, hakuna saruji hakuna udongo, jiwe linakaa juu ya jiwe kwa sababu fundi amelijulia linapotaka kukaa. Kuta zake zipo mpaka leo, kondoo wanazipanda na hazitingishiki. Alikuwa hawezi kuvumilia kuona kitu kimekaa upande. Viatu vyake mlangoni vilikuwa sambamba. Kijiko cha chai alikilaza sawa na ukingo wa meza. Mama yake alimlea hivyo, kwa mgongo wa mwiko, mtoto wa maskini asije akaonekana ovyo mbele za watu. Uma na kisu, alikuwa akisema yule mama, usivitupe kwenye sahani kama miguu ya mlevi.

Kila Agosti ikifika tarehe kumi na mbili, Amos aliacha kuta akapanda mlimani kuswaga kwale. Waheshimiwa wanasimama nyuma ya vibanda vyao vya mawe na bunduki, na watu kama Amos wanatembea kwa mstari kwenye vichaka wakipunga vitambaa vyeupe, ndege waruke kwenda kwenye bunduki. Mvua, ukungu, matope mpaka magotini. Alifanya hivyo miaka thelathini na miwili. Jioni kila mswagaji anapewa jozi moja aende nayo kwake. Lakini msidhani tulipewa wachanga. Wachanga, wale ambao ukimwinua mmoja kwa mdomo wa chini mdomo unavunjika, hao walikwenda Scarrow kuokwa na Noreen Kilburn, mpishi wa kule. Sie tulipewa vikongwe, ndege wazee kuliko mchungaji. Nilikuwa nawachemsha tangu asubuhi mpaka saa ya chai na bado paja linapigana na meno.

Amos hakulalamika hata siku moja. Ila alikuwa na hamu. Waheshimiwa walipokuwa wakila mlimani walizungumza, na waswagaji si viziwi. Walisema hakuna mtu nchi hii anayemwoka kwale kama yule mwanamke wa Scarrow, anamlaza juu ya mkate uliokaangwa kwa maini yake mwenyewe, nyama ndani ina rangi ya waridi, na pembeni viazi vyembamba kama majani makavu. Amos akirudi ananisimulia hayo huku anavua viatu. Miaka thelathini na miwili nimesikia habari ya ule mkate. Anasema, nimewaswaga elfu ngapi sijui, Enid, nami sijui ladha yao.

Halafu kiharusi kikampiga, mwezi wa Machi, akiwa na jiwe mkononi. Mkono wa kushoto ukafa. Mdomo ukaenda upande, maneno yakawa yanatoka yamelowa, mimi namwelewa, wengine hawamwelewi, na wasiomwelewa walimdhania amelewa, yeye ambaye hajawahi kuingia baa. Daktari alisema ale polepole. Kila akiweka tonge mdomoni aweke uma chini, atafune, ameze, ndipo aushike tena. Na chakula kiwe na mchuzi, kikavu kitamkaba.

Basi angalieni mkosi. Huku kwetu kisu na uma vikilala pamoja kwenye sahani, maana yake nimeshiba, ondoa. Vikikaa mbalimbali, bado naendelea. Hiyo ni sheria, mtoto wa miaka minne anaijua. Lakini mtu wa mkono mmoja, ambaye kisu hakishiki tena, na ambaye mama yake alimfunza asiache vitu ovyo, akipumzika ataulaza wapi uma wake? Ataulaza sambamba na kisu. Nyumbani nilikuwa najua. Nilikuwa nasubiri achukue tena, nazungumza yangu.

Agosti ya mwaka ule ule tulitimiza miaka arobaini ya ndoa. Nikasema tunakwenda Scarrow kula mchana. Amos akasema pale si petu. Nikamwambia ndege walikuwa wako kabla hawajawa wa Scarrow. Nilimvalisha suti aliyovaa kwenye harusi ya binti yetu, nikamfunga tai mara tatu mpaka akaridhika kwamba imenyooka.

Tulifika saa saba. Huyu Averill alisimama mlangoni na kitabu chake, nywele kazilamba nyuma, mtu mrefu kama ngazi. Alimtazama Amos mdomo, akatazama viatu vyangu, akatupeleka nyuma kabisa, kwenye meza iliyobanana na nguzo ya makoti, ambapo kila anayeingia ananitupia mkono wa koti usoni. Katikati kulikuwa na meza nne tupu. Nikauliza. Akasema zina wenyewe. Baadaye zote zikapewa watu waliokuja nyuma yetu, bila hata kuulizwa jina.

Tulikaa nusu saa bila mtu kuja. Wahudumu walikuwa wanapita na macho juu, kama sisi ni makoti mengine. Maji niliomba mara mbili. Mkate ulikwenda kwa waliokuja baada yetu. Mwishowe Averill mwenyewe akaja na kalamu, akanambia mie, "Na huyu atakula nini?"

Huyu yupo mbele yake, kavaa tai.

Nikamwambia muulize mwenyewe. Amos akajibu, kwa juhudi zote alizonazo, na Averill akatabasamu kule kutabasamu kwa mtu anayesubiri mbwa amalize kubweka. Nikasema mimi, kwale wawili, na mchuzi mwingi, mume wangu bila mchuzi hawezi kumeza. Akaandika. Nilimwona akiandika.

Kwale wakaja. Bila mchuzi.

Sasa niseme haki, maana mie mkali lakini si mwongo. Chakula kile sijawahi kuonja mfano wake, na mie nimepika maisha yangu yote. Nyama ilikuwa laini, ina harufu ya mlima wenyewe baada ya mvua. Mkate wa chini umenyonya kila kitu. Nilikasirika, kwa sababu nilitaka kibaya nipate la kusema. Nilimkatia Amos wake vipande vidogo. Akaweka cha kwanza mdomoni, akaulaza uma, akafumba macho. Akatafuna muda mrefu. Alipomeza akasema, "Walikuwa wanasema kweli, mama."

Akala cha pili. Akala cha tatu, akakohoa. Nikapunga mkono, hakuna anayetazama. Nikamwambia kaa hapo, usile kikavu, naufuata mchuzi mwenyewe. Nikainuka. Nilizunguka ukumbi mzima nikimtafuta mtu mwenye masikio. Kijana mmoja akanambia meza ile si yake. Mwingine akanambia anakuja. Nilisimama kwenye mlango wa jikoni kama mwombaji.

Niliporudi, mbele ya Amos palikuwa na kitambaa cheupe kitupu. Sahani yake haipo, na yangu haipo. Walishapangusa na makombo.

Nikamuuliza iko wapi. Akasema yule bwana amekuja akaichukua. Amemwambia bado, amemwambia mara mbili. Bwana akasema asante sana, mheshimiwa, akaondoka nayo. Vipande vitatu alikula. Ndege mzima ule, vipande vitatu.

Nilitaka kuupindua ule ukumbi. Mnijue, ningeupindua. Amos akanishika mkono kwa ule mkono wake mmoja, akasema, "Usianzishe, Enid. Watu wanatutazama. Tutarudi mwakani."

Nikanyamaza. Hilo ndilo lililonila miaka kumi na moja, kuliko Averill hata. Kwamba mimi, ambaye sijanyamaza kwa mtu, nilinyamaza siku ile. Nikamvalisha koti, tukatoka, na meza yetu ikakaliwa kabla hatujafika mlangoni. Februari Amos akafa. Mwakani yake haikuja.

Na la kunichoma zaidi, tangu siku ile Noreen Kilburn, mpishi, akaacha kunisalimia. Noreen ni mtu wa Arkby, baba yake alikuwa jirani yetu. Tukikutana dukani ananipa mgongo. Kwenye mazishi ya Amos alikaa kiti cha nyuma kabisa na akaondoka kabla ya chai. Nikasema haya, wote ni wa Scarrow, wote damu moja, wanaona aibu na wanaigeuza kiburi. Nikampa mgongo na mie. Mgongo wangu ni mpana kuliko wake.

Tukaenda hivyo mpaka mwaka huu, mwezi wa Juni, alipokufa Bi Agnes aliyekuwa akipiga kinanda kanisani. Kwetu mtu hajazikwa sawasawa mpaka likatwe paja la nguruwe na watu wanywe chai, na baada ya chai kuna vyombo, na vyombo vinaoshwa kwa zamu iliyobandikwa ukutani. Aliyeandika zamu ile ama ni mjinga ama ni mjanja. Kuosha, Enid Dinsdale. Kukausha, Noreen Kilburn.

Tukasimama kwenye sinki lile dogo, bega kwa bega, vikombe sitini. Mie nasugua, yeye anapangusa. Tulipofika kwenye sahani akairudisha moja majini, akasema ina mafuta. Nikaisugua. Akairudisha tena. Nikamuuliza kama macho yake yanamtosha.

Akasema, "Yananitosha. Hata sahani zinazorudi jikoni zimejaa huwa naziona."

Nikamuuliza anasema nini.

Akaweka kitambaa chini. Akanambia kwamba yeye ndiye aliyemchagua yule ndege. Siku ile alisikia Amos Dinsdale anakuja kula, akaenda mwenyewe stoo, akawapima midomo kwale kumi na wanane mpaka akampata mmoja. Kwa sababu mwaka ule wa theluji kubwa Amos alimbeba baba yake mgongoni kutoka mlimani, na wao hawakuwa na cha kumlipa. Ndege yule ndiye aliyekuwa malipo. Na ndege akarudi na vipande vitatu tu vimeliwa, na Averill akamwambia mezani wamesema nyama mbichi, haiwafai, iondolewe.

"Miaka arobaini na mitano naoka," akasema Noreen, "na aliyenirudishia ni Amos. Nililia kwenye stoo, mwanamke wewe. Na wewe ukapita dukani umeinua pua."

Nikaiacha sahani majini. Nikamwambia Amos hakusema mbichi. Nikamwambia alivyofumba macho. Nikamwambia alichosema baada ya tonge la kwanza, na mchuzi, na mimi kusimama kwenye mlango wa jikoni kwake yeye akiwa upande wa pili. Noreen akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza swali moja tu, swali la mtu wa kazi.

"Kisu na uma vilikuwa vimelala pamoja?"

"Kwa mkono mmoja," nikasema, "vingelala wapi?"

Akaipindua ndoo akaikalia. Akasema hata kama. Hata vingelala pamoja na kufunikwa shuka, mhudumu anatazama sahani, anatazama uso. Akasema siku ile Averill alikuwa na waheshimiwa wawili wa bunduki wamefika bila kuandikisha, anawatafutia meza, na aliwapa ipi? Nikamwambia nilimwona akiwapa. Yetu.

Hatukukumbatiana. Sie si watu wa hivyo. Akachukua kitambaa, akasema sahani zilizobaki. Tulipomaliza akanambia Agosti hii ndiyo yake ya mwisho, anaacha kazi, na Jumamosi ya kwanza ya msimu wa kwale niende saa saba mchana na nivae vizuri. Nikamwambia simsamehi yule mtu. Akasema hakuna aliyekuomba.

Nikaenda. Nilivaa gauni la bluu na bruchi ya mama yangu kifuani. Averill bado yuko mlangoni, sasa nywele nyeupe, ngazi imeinama kidogo. Hakunikumbuka, na hilo pia niliandika moyoni. Akatafuta kwenye kitabu chake, akakuta Noreen kaandika kwa mkono wake: Bi Dinsdale, watu wawili, meza ya katikati. Akauliza kama mwenzangu anakuja. Nikamwambia alishakuja.

Nikakaa. Ukumbi umejaa, watu wa mjini na suti zao za mlimani ambazo hazijaona mlima. Dakika ishirini zikapita, na safari hii si mimi peke yangu. Hakuna meza iliyopata kitu. Hakuna supu, hakuna mkate. Watu wakaanza kutazama saa, halafu wakaanza kuita. Nikamwona Averill anaingia jikoni anatembea, anatoka anakimbia, anaingia tena. Kijana mmoja mhudumu aliniambia baadaye kilichotokea kule ndani. Noreen alikuwa kakaa kwenye kigoda mbele ya jiko, mikono imekunjwa, chakula chote tayari nyuma yake kinatokota, na hakuna sahani inayotoka. Alimwambia Averill sahani ya kwanza ni ya Bi Dinsdale, ya pili ni ya Amos Dinsdale, atazibeba yeye mwenyewe, na atasema alichofanya kwa sauti ya kusikika, la sivyo ukumbi wote utakula vitambaa. Averill akasema Amos Dinsdale ni nani. Noreen akamwambia. Kijana alisema Averill alijibu kwamba ilikuwa zamani. Noreen akasema ndege wanapoa.

Averill akatoka na sahani mbili. Ukumbi mzima ukamfuata kwa macho, maana ndicho chakula pekee kilichokuwa kinatembea. Akaweka moja mbele yangu, moja mbele ya kiti kitupu. Uso wake ulikuwa mwekundu mpaka shingoni. Akainama, akaanza kwa ile sauti yao ya kupaka mafuta.

"Bibi, ninasikitika kwa hali iliyotokea."

"Hali haikutokea," nikasema. "Wewe ndiye uliyetokea. Simama wima useme."

Akatazama huku na huku. Nikasubiri. Nina miaka sabini na tisa, kusubiri nakuweza. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi na Noreen kasimama na aproni yake.

Akasema. Alisema aliondoa sahani ya mume wangu kabla hajamaliza. Nikamwambia zaidi. Akasema alimsikia akisema bado, na alijifanya hakumwelewa, kwa kuwa aliitaka meza. Nikamwambia zaidi. Akasema alimwambia mpishi kwamba mume wangu ameikataa nyama, na mume wangu hakuikataa. Hapo Noreen akageuka akaingia jikoni, na sahani zikaanza kutoka, na watu wakarudia kelele zao. Lakini walikuwa wamesikia. Meza ya jirani mama mmoja aliacha uma wake hewani.

Averill akaniuliza, taratibu, kama anaweza kwenda sasa.

Nikachukua kisu na uma vilivyokuwa mbele ya kiti kitupu, nikaviweka juu ya sahani ya Amos, mbalimbali, kimoja huku kimoja huku, ovyo kabisa, mama mkwe wangu anisamehe kaburini. Nikamwambia sahani ile ikiguswa na mtu kabla sijainuka, nitaianza upya hadithi yote kwa sauti kubwa zaidi. Akasema ameelewa. Nikakata changu nikaonja. Bado ni chakula bora kuliko vyote nilivyowahi kula, na bado nilikuwa na hasira, na hasira haikuniharibia ladha hata kidogo. Nikameza. Yeye bado kasimama pale, mikono nyuma.

"Tuliagiza mchuzi," nikamwambia.

Akaenda mwenyewe, akauleta. Ulikuwa wa moto.